Michirizi Si Nyuzi: Uhakiki wa Lugha ya Ramani za Njia za Neva katika Ubongo

Ikisiri

Makala hii inahakiki picha za rangi zinazodaiwa kuonyesha njia za nyuzi za neva katika ubongo wa binadamu, pamoja na maneno ya Kiswahili tunayoyatumia kuzieleza darasani na hospitalini. Hoja yake ni kwamba picha hizo ni makadirio yanayotokana na mwendo wa maji, wala si nyuzi zenyewe zilizoonwa, na kwamba Kiswahili chetu, kupitia maneno kama mshipa, picha na kuonyesha, kimeyageuza makadirio hayo kuwa ushuhuda. Istilahi mbili zinapendekezwa na kasoro zake zinaelezwa.

1. Swali la kaka wa mgonjwa

Miaka michache iliyopita niliombwa na hospitali moja kutafsiri fomu ya ridhaa kwa ajili ya wagonjwa wa uvimbe wa ubongo. Sentensi moja katika matini chasili ilisema kuwa kabla ya upasuaji mgonjwa atapigwa picha itakayoonyesha njia za neva zinazohusika na usemaji. Niliitafsiri bila kusita: “Picha hii itaonyesha mishipa yako ya fahamu inayokuwezesha kusema.” Sentensi ilisomeka vizuri. Mhariri hakuigusa, daktari aliikubali, fomu ikachapwa.

Siku ya kuijaribu fomu hiyo mbele ya familia ya mgonjwa mmoja, kaka yake aliisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza: “Mwalimu, samahani. Kama mishipa yote ya kusemea imeshaonekana kwenye picha, mbona hapa chini mmeandika kwamba mdogo wangu ataamshwa katikati ya upasuaji ili asemeshwe? Kwani picha haikuona?” Daktari alimjibu kwa upole kwamba ni kwa ajili ya usalama wa mgonjwa. Jibu hilo lilikuwa la kweli, lakini halikuligusa swali. Muulizaji alikuwa amegundua kosa ambalo mimi, mwenye shahada ya uzamivu katika isimu, sikuliona: nilikuwa nimeandika kuonyesha mahali palipostahili kitenzi kingine kabisa.

Kosa hilo halikuwa langu peke yangu. Nilipopitia upya maandalizi ya mihadhara yangu ya isimu-saikolojia, niliona kuwa kwa miaka mingi nimekuwa nikisimama mbele ya picha hizohizo na kuwaambia wanafunzi: “Hapa mnaona neva za lugha.” Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa akiona neva.

2. Kinachopimwa ni maji

Mashine ya MRI hupokea mawimbi yanayotoka hasa kwenye hidrojeni iliyomo ndani ya maji ya mwili. Molekuli za maji hazitulii, hutapatapa daima. Ndani ya glasi hutapatapa sawasawa pande zote. Ndani ya maada nyeupe ya ubongo, ambamo nyuzi zimelala pamoja mithili ya mkonge uliofungwa, maji husogea kwa wepesi zaidi kuufuata urefu wa nyuzi kuliko kuzikata. Katikati ya miaka ya 1980 Denis Le Bihan, nchini Ufaransa, alikuwa miongoni mwa walioweka msingi wa kuupima mtapatapo huo kwa MRI. Mwaka 1994 Peter Basser, James Mattiello na Le Bihan walichapisha namna ya kuueleza kwa tensa, yaani namba sita zinazobainisha, kwa kila kijisanduku cha ubongo, maji yanasogea zaidi kuelekea wapi. Mwaka 1999 Susumu Mori na wenzake walionyesha jinsi kompyuta inavyoweza kutoka kijisanduku kimoja hadi kingine kwa kuufuata mwelekeo huo, ikiacha nyuma yake mstari. Mstari huo ndio ambao baadaye hupakwa rangi na kuitwa uzi.

Tuangalie vipimo, kwa sababu hoja nzima imo ndani yake. Unene wa uzi mmoja wa neva ni kadiri ya sehemu moja ya elfu ya milimita. Kijisanduku kinachotumika kwa kawaida hospitalini kina upande wa milimita 2 hivi. Hata Mradi wa Human Connectome, ulioanza nchini Marekani mwaka 2010 kwa mashine zilizoboreshwa mahsusi, ulitumia vijisanduku vya milimita 1.25. Kijisanduku kimoja, basi, huweza kupitiwa na nyuzi mamia ya maelfu, na kwa mbinu ya tensa zote hupewa mshale mmoja. Ni kama kueleza mienendo ya watu wote wa soko kwa kusema kuwa leo soko limeelekea mashariki.

Pale nyuzi zinapokwenda upande mmoja, ujumla huo hauna madhara makubwa. Tatizo ni njia panda. Ben Jeurissen na wenzake (2013) walikadiria kuwa kati ya asilimia 60 na 90 hivi ya vijisanduku vya maada nyeupe vina nyuzi za zaidi ya mwelekeo mmoja. Mbinu za baadaye huweza kutambua mielekeo miwili au mitatu ndani ya kijisanduku, lakini haziondoi utata wote: vitita viwili vinavyokatana, na vitita viwili vinavyokaribiana, kugusana na kuachana bila kukatana, vinaweza kutoa vipimo vilevile. Kompyuta inapofika hapo huchagua. Uchaguzi wake hauachi alama yoyote kwenye picha.

Uzito wa jambo hili ulipimwa hadharani. Katika utafiti ulioongozwa na Klaus Maier-Hein na kuchapishwa mwaka 2017, vikundi 20 vya watafiti vilipewa data ya ubongo wa kuigiza ambao vitita vyake vikubwa 25 vilijulikana tangu mwanzo, navyo vikarudisha michoro 96. Mingi kati yake iliweza kuvipata, walau kwa sehemu, takriban asilimia 90 ya vitita vya kweli. Papo hapo, michoro hiyohiyo ilikuwa na vitita visivyokuwapo vingi kuliko vilivyokuwapo. Msomaji aitafakari natija hiyo kwa makini, maana haisemi kwamba mbinu haifai. Inasema kwamba kweli imo ndani ya mchoro, ila imo pamoja na umati wa yasiyo kweli, na mchoro wenyewe haukuambii lipi ni lipi.

3. Msimulizi maizi na rangi zake

Katika uhakiki wa riwaya tumezoea kuuliza: nani anasimulia, naye amejuaje? Swali hilo likielekezwa kwenye picha hizi huzaa matunda. Msimulizi wake ni maizi. Huingia ndani ya ubongo wa mtu aliye hai, huona kila kitu kwa wakati mmoja, wala hasemi popote “huenda” au “nadhani”. Mistari ina mng’ao na vivuli vilivyotiwa na programu, hivyo macho huiona kama nyaya zinazoshikika. Mwanzo wa mstari na mwisho wake umekatwa vizuri, ilhali pale mstari unapokaribia gamba la ubongo ndipo hasa mashaka huzidi.

Rangi nazo zina kanuni yake, iliyoenezwa na Sinisa Pajevic na Carlo Pierpaoli (1999): nyekundu kwa mwelekeo wa kushoto na kulia, kijani kwa mbele na nyuma, buluu kwa juu na chini. Kanuni hiyo ni nzuri kwa mtaalamu anayeijua. Kwa asiyeambiwa, rangi hugeuka sifa ya kitu. Nimesahihisha kazi za wanafunzi zinazozungumzia “neva za kijani”, kana kwamba mpasuaji akifungua fuvu atazikuta na rangi zake. Kiswahili chetu kimechangia mkanganyo huu kwa namna ambayo sikuitarajia. Kitita mashuhuri cha lugha, kilichopewa jina lake kwa kuwa kimejipinda kama upinde wa mshale, nilikuwa nikikiita darasani kitita cha upinde. Mwanafunzi mmoja aliandika katika mtihani kuwa kimeitwa hivyo kwa sababu kina rangi zote za upinde wa mvua. Nilicheka, kisha nikampa nusu alama. Picha niliyomwonyesha ilimpa kila sababu ya kuamini hivyo.

Neno ramani lenyewe linastahili kutazamwa. Kwa msemaji wa Kiswahili, ramani ni mchoro wa nchi iliyopo, na pia ni mchoro wa nyumba ambayo bado haijajengwa. Fundi akiuliza ramani iko wapi, hakusudii kitu kilichonakiliwa kutoka ukutani. Sidhani kuwa utata huu ni udhaifu wa lugha. Michoro ya njia za neva imesimama katikati ya maana hizo mbili, na kwa hiyo, kati ya maneno yote tuliyonayo, ramani ndilo lililo na unyofu zaidi, mradi tusiiite picha.

4. Neno mshipa

Nageukia neno lililokuwa kiini cha kosa langu. Mshipa katika Kiswahili hubeba mzigo mzito: mshipa wa damu, mshipa wa fahamu, kano, hata ugonjwa wa ngiri. Wanafunzi wangu wanaozungumza Kirundi na Kinyarwanda huja na neno umutsi, ambalo nalo limebeba maana kadhaa za namna hiyo, hivyo tafsiri ya mshipa huwafikia kwa urahisi na ukungu wake wote. Ninapomwambia mtu kuwa picha inaonyesha mishipa yake, humpatia bila kukusudia taswira ya bomba: kitu chenye mdomo wa kuingilia na wa kutokea, kinachopitisha kitu kuelekea upande fulani.

Taswira hiyo inapotosha mara mbili. Kwanza, njia zinazochorwa zinapita ndani ya maji yanayotapatapa tu. Hakuna kinachotiririka kwa maana ya damu katika mshipa. Pili, vipimo hivi haviwezi kutofautisha kwenda na kurudi. Maji husogea kwa wepesi uleule kuelekea pande zote mbili za uzi, kwa hiyo mchoro unaounganisha sehemu A na B hauwezi kusema kama ujumbe hutoka A kwenda B au kinyume chake. Hata hivyo, katika mihadhara yetu tunaweka mishale, na mishale hiyo tumeichukua kutoka kwenye nadharia, si kutoka kwenye kipimo.

Inatia moyo kuwa baadhi ya wataalamu wa fani yenyewe wamelishughulikia suala la lugha kwa ukali kuliko sisi wanaisimu. Derek Jones, Thomas Knösche na Robert Turner (2013) walikataa waziwazi matumizi ya dhana mbili zilizozoeleka katika majarida yao. Ya kwanza ni kuzungumzia uzima wa maada nyeupe kwa kutegemea namba moja, kati ya 0 na 1, inayoeleza jinsi mtapatapo wa maji unavyoegemea upande mmoja. Namba hiyo hushuka neva zinapoharibika, lakini hushuka pia pale neva nzima zinapokatana. Na kitita kimoja kati ya viwili vinavyokatana kikidhoofu, inaweza hata kupanda. Ya pili ni idadi ya nyuzi. Kompyuta haihesabu nyuzi. Huhesabu mistari yake yenyewe, ambayo idadi yake hubadilika kwa kutegemea urefu wa njia, mkunjo wake, ubora wa data na masharti aliyoyaweka mtafiti. Nimekwisha kuona tasnifu ya Kiswahili inayosema kuwa mgonjwa fulani “amepungukiwa nyuzi”. Aliyeiandika alitafsiri kwa uaminifu maneno aliyoyakuta.

5. Kitita kimoja na mafunzo yake

Kwa nini mwanaisimu ajali? Kwa sababu kitita hicho chenye umbo la upinde ndicho kilichojenga sura ya lugha na ubongo katika silabasi zetu. Broca (1861) alieleza eneo la mbele, Wernicke (1874) la nyuma, na Norman Geschwind (1965) akaufufua mfano unaoyaunganisha kwa kitita hicho: kikikatika, mgonjwa huelewa na husema, lakini hushindwa kurudia alichoambiwa. Marco Catani, Derek Jones na Dominic ffytche (2005) walikichora kwa MRI na kupendekeza kuwa pamoja na njia ndefu ya moja kwa moja ipo njia nyingine ya vipande viwili inayopitia sehemu ya pembeni ya ubongo. Kazi yao ni nzuri na imeathiri wengi. Ilitokana na wanaume 11 wanaotumia mkono wa kulia. Jambo hilo wao wenyewe waliliandika. Sisi ndio tuliolidondosha njiani tulipoibandika picha chini ya kichwa “Lugha katika Ubongo wa Binadamu”.

Tangu hapo ubishi haujaisha. Anthony Dick na Pascale Tremblay (2012) walionyesha jinsi watafiti wanavyotofautiana kuhusu mahali kitita hicho kinapoanzia na kuishia, na mwaka 2016 waandishi haohao, baada ya kuwahoji wanataaluma wenzao, walikuta kwamba hata eneo la Wernicke halina mahali ambapo wote wanakubaliana. Ubongo wa Leborgne, mgonjwa wa Broca, ulipopigwa picha za MRI na Nina Dronkers na wenzake (2007), ulionekana kuwa na jeraha lililozama ndani zaidi ya eneo lenye jina la Broca, hadi kwenye njia za maada nyeupe. Kwa maneno mengine, mgonjwa aliyetupatia “kituo” alikuwa pia na majeraha ya “njia”.

Mtu anaweza kusema: basi turudi kwenye kisu, maana macho hayadanganyi. Josef Klingler wa Basel, katika miaka ya 1930, aliugandisha kwa baridi ubongo uliokwisha kuhifadhiwa kwa formalini. Maji yaliyoganda kati ya nyuzi yaliziachanisha, naye akaweza kuzibandua tabaka kwa tabaka. Hiyo ni kazi ya mikono iliyo karibu sana na kitu chenyewe, na bado hutumiwa kuisahihisha kompyuta. Lakini anayebandua kitita kimoja hana budi kukiharibu kile kinachokikata. Naye huchagua kwenye njia panda. Tofauti ni kwamba mbele yake hubaki vipande vilivyokatwa, vikishuhudia uchaguzi huo.

Majuzi Xuehu Wei na wenzake (2023) walilinganisha wasemaji 94 ambao lugha yao ya kwanza ni Kiarabu au Kijerumani, wakaripoti tofauti katika nguvu za miunganisho: kwa Wajerumani zaidi ndani ya nusu ya kushoto, kwa Waarabu zaidi kati ya nusu mbili. Nilipoisoma makala hiyo nilishikwa na tamaa ambayo naamini wasomaji wa kitabu hiki wataitambua. Nilianza kuwazia ubongo wa msemaji wa Kiswahili, ngeli zake na upatanisho wake, ukichorwa kwa rangi. Siikatai tamaa hiyo. Data kubwa inayotegemewa leo ilitokana na vijana wa Marekani, na si haki kuwaita wao peke yao binadamu. Lakini utafiti wa namna hiyo ukifanyika kwetu, “nguvu ya muunganisho” itakuwa imejengwa juu ya mistari ileile iliyoelezwa hapo juu. Tukiiandika kwa Kiswahili kuwa “Waswahili wana nyuzi nyingi zaidi upande huu”, tutakuwa tumeandika hekaya.

6. Istilahi mbili na kasoro zake

Napendekeza kazi hii iitwe ukadiriaji wa njia za neva, badala ya upigaji picha wa mishipa ya fahamu. Daktari mmoja niliyejadiliana naye aliona kuwa kukadiria kutawatia wagonjwa hofu. Nilimkumbusha kuwa watu wetu huishi na makadirio: ya gharama za ujenzi, ya mavuno, ya tarehe ya kujifungua. Wanajua kuwa kadirio lina msingi, na wanajua kuwa huweza kukosea. Kukisia ningelikataa mimi mwenyewe, kwani kuna harufu ya kubahatisha.

Kwa mstari unaochorwa na kompyuta napendekeza mchirizi, ili tuseme idadi ya michirizi na kuacha idadi ya nyuzi. Neno hili linayakumbusha maji, ambayo ndiyo yaliyopimwa. Kasoro yake iko hapohapo: mchirizi ni wa maji yanayotiririka, nami nimekwisha kusema kuwa hapa hakuna mtiririko. Ninalishikilia kwa kuwa halidai kuwa sehemu ya mwili. Mtu hawezi kuambiwa kuwa michirizi yake imekatika na akaenda nyumbani kuomboleza. Atakayepata neno bora alilete; hili halina miaka mitano tangu nilianze kulitumia darasani, na nusu ya wanafunzi bado hulisahau.

Fomu ile niliirudia. Sasa inasomeka: “Kipimo hiki hufuatilia mwendo wa maji ndani ya ubongo wako. Kutokana na mwendo huo, kompyuta hukadiria mahali zinapopita njia za neva zinazokusaidia kusema. Makadirio hayo yanaweza kukosea; kwa hiyo wakati wa upasuaji utaamshwa na kusemeshwa, huku daktari akizijaribu njia hizo kwa umeme mdogo kabla ya kukata.” Sentensi moja imekuwa tatu, na hospitali ililalamika kuwa fomu imevuka ukurasa mmoja. Kaka wa mgonjwa wa kwanza sikumwona tena ili nimsomee. Familia nyingine mbili zilisomewa. Hakuna aliyeuliza kwa nini mgonjwa ataamshwa. Mama mmoja aliuliza makadirio hukosea mara ngapi. Daktari alimwambia kwamba kila uvimbe huzisukuma nyuzi kwa namna yake na kuyavuruga maji yanayozizunguka, kwa hiyo hana namba ya kumpa. Mama aliomba sentensi ya pili isomwe tena, polepole.